Kabla Hujaninyanyua

"Panda tena."

Zlata akapanda mizani mara ya pili, miguu mitupu, hata hereni kavua.

"Umepungua," kocha Raisa Arkadyevna akasema, uso kama kakuta nzi kwenye supu. "Ila mwenzio bado analalamika kuwa wewe mzito."

"Mwenzangu nani?"

"Kwani unao wangapi? Gleb!"

Hapo ndipo mwiba ulipozama. Zlata na Gleb ni mabingwa wa Urusi wa kuteleza barafuni wawili wawili, mji mzima wa Perm unawajua. Gleb humnyanyua juu ya kichwa huku wanateleza kwa kasi, watu wakasahau kupumua. Na nje ya barafu ni wachumba, harusi mwezi wa sita. Kumbe bwana harusi anamsema kwa kocha kama gunia la viazi!

Alimkuta Gleb anafunga kamba za viatu.

"Glebushka, mimi mzito?"

"Aa, kidogo tu, mpenzi. Ni kwa faida yetu."

"Wiki ya tatu hii nakula matango na mtindi! Jana nimeota natafuna meza!"

Gleb akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe.

Jioni ujumbe wa kocha ukaingia: "Kesho Gleb atamjaribu Ulyana, yule mdogo wa timu ya vijana, badala yako. Nisamehe, binti yangu. Ubingwa haungoji mtu."

Zlata akampigia Gleb.

"Ulijua?"

"Raisa Arkadyevna ndiye kaamua..."

"Kwa maneno ya nani?"

Gleb akakohoa.

"Si useme!"

Simu ikakatwa. Mwanaume pande la mtu, anamkimbia mwanamke kwenye simu.

Asubuhi Ulyana akaja, kabinti ambako mlango ukifunguliwa ghafla kanaweza kupeperuka. Gleb akakanyanyua. Mkono ukafika nusu, ukaanza kutetemeka. Zlata, aliyekuwa amesimama ukingoni, aliufahamu mkono ule kuliko mwenyewe.

"Mshushe! Gleb, mshushe huyo mtoto!"

Kiwiko kikakunjika. Gleb akajitupa chini yake, Ulyana akamwangukia kifuani. Kabinti kakainuka, kakasugua goti, macho yamejaa machozi.

"Na mimi mzito?"

Hakuna aliyecheka. Zlata aliingia barafuni na viatu vyake vya mtaani, akachuchumaa mbele ya Gleb aliyeshika bega.

"Tangu lini?"

"Septemba. Ningesema, wangeniondoa."

"Ukaona bora niondolewe mimi."

"Sikudhani tungefika huku. Nilijua ukipungua kidogo tu, bega litamudu. Nakupenda, Zlata."

"Najua. Ndiyo maana inauma. Angenisema adui, ningekula keki mbele yake." Akafuta pua kwa glovu. "Simama. Kamwambie Raisa Arkadyevna, wote wasikie, kama walivyosikia kuwa mimi mzito."

Gleb akamtazama kocha. Kusema ni kuaga msimu, labda na barafu yenyewe. Akasimama.

"Si yeye. Bega langu limekufa. Nilidanganya."

Kocha akafumba macho.

"Vua viatu, mwanangu. Nenda hospitali."

Siku mbili baadaye Gleb akaandika: "Wananipasua Alhamisi. Utakuja?"

Zlata akausoma ujumbe, akauacha, akaurudia. Ndipo akajibu: "Nitakuja na supu. Pete ya uchumba pia nitaileta, uishike wewe kwanza, mpaka nijue nilikuwa naolewa na nani."

Wiki iliyofuata kocha alimletea mwenza mpya, Makar, jitu lenye haya kutoka Yekaterinburg. Makar akanyoosha mkono. Zlata hakuushika.

"Kabla hujaninyanyua, kaka. Unaumwa wapi?"

Makar akamtazama kocha, akatazama barafu, masikio yakawa mekundu.

"Goti, dada. La kushoto. Si sana."

Zlata akavuta pumzi, akampa mkono.

"Haya. Leo tuteleze tu."