Samaki na Maziwa ya Wafugaji

Nyumbani kwao Mangobo, mtaa wa mji ulio kando ya mto, Adèle alianza kila siku kwa kipande cha samaki mkavu, kisha mbio shuleni kuimba nyimbo za chama tawala kabla ya hesabu. Ng'ombe hakuwajua. Maziwa aliyoyafahamu yalizaliwa ndani ya kopo.

Ndiyo maana safari ile haikumtoka moyoni hata uzeeni. Miaka ile barabara ya Bunia ilikuwa bado barabara, na mjomba wake, tonton René, aliipita na lori lake la chumvi. Likizo moja akamchukua. Kwa siku nyingi waliona miti tu. Kisha msitu ukaisha ghafla, vilima vya majani vikafunguka, na ng'ombe wakajaa njiani, pembe zao ndefu kuliko mikono ya Adèle.

"Funga kinywa," tonton akamtania. "Nzi wa huku wanapenda wageni."

Injini ikachemka. Wakaomba maji kwa wafugaji waliohamia bonde lile kufuata majani. Tonton akiwa bado chini ya lori, mama mmoja akaleta kibuyu cha maziwa.

"Mutoto, leo umekula samaki? Kwetu ukichanganya samaki na maziwa, ng'ombe anaharibika, maziwa yanakatika."

Koo la Adèle lilikuwa kavu, na kibuyu kilinukia moshi mtamu. "Hapana, mama," akajibu, akanywa mpaka tone la mwisho.

Wakalala hapo. Asubuhi tonton aliwasha lori, na ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa akarusha teke, akabana maziwa. Mama akamgeukia binti yake, rika la Adèle.

"Hukuosha kibuyu vizuri, ndiyo maana ng'ombe anatunyima maziwa. Toka leo hutakamua tena."

Binti akainama, machozi yakimdondoka.

"Adèle, panda, tunachelewa," tonton akaita.

Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya lori. Akaushusha.

"Mama, nilikula samaki. Nilikudanganya. Yeye hana kosa."

Tonton akazima injini. "Ah bon. Mutoto wa mto, hata uongo wako iko na magamba."

Mama akamrudishia binti yake kibuyu. Binti akamleta ndama karibu, ng'ombe akatulia, maziwa yakashuka.

"Labda ni samaki," mama akasema. "Labda ni lori hili linalokohoa. Ng'ombe hana kinywa cha kutuambia. Wewe unacho, mwanangu. Ukikosa, sema mapema, kabla mwenzako hajalia kwa ajili yako."