Mama Amelala

Kila asubuhi kabla ya shule, Elodie aliwasha makaa, akachemsha maji, akamwogesha mdogo wake Yves kwenye beseni. Alimpaka mafuta mpaka mashavu yakang'aa, kisha akampeleka chumbani kunyonya. Mama yao, Hélène, alimnyonyesha huku akitazama ukuta. Akimaliza, alimrudisha kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Elodie alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Augustin, alikuwa mlinzi wa wanyama huko Epulu, na likizo yake ilikuwa mbali. Bibi yake, koko Dorothée, alikuja kutoka Gety mtoto alipozaliwa, akamkanda mzazi kwa maji ya moto wiki tatu, akayaona machozi yasiyokauka. Kabla ya kurudi shambani kwake alimwonya Elodie.

"Mambo ya nyumba haitokake inje," alisema. "Watu watasema mama yako iko na shetani."

Basi wageni walipokuja, na mtaa wao wa Mudzipela haukosi wageni penye mtoto mchanga, Elodie aliwapokea sebuleni. Desturi ilimsaidia, kwani mzazi hukaa chumbani, na mtoto ndiye anayetolewa aonekane. Akina mama wa kanisa walimpakata Yves, wakayashika mapaja yake, wakasifu. Walipomuulizia mama, Elodie alisema amelala. Nao waliridhika, maana mtoto akinenepa hivyo, nani atashuku kwamba mama yake anakonda? Elodie akaanza hata kujivunia uongo wake. Hakujua bado kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Wiki ya saba tangu mtoto azaliwe, katika likizo ya Pasaka, mambo yalizidi. Mama hakugusa chakula. Siku moja Elodie alimkuta amesimama mbele ya mlango wa nyuma, ameshika kitasa, na alipomuuliza anakwenda wapi, aliachia kitasa akarudi kitandani. Elodie aliogopa sana, lakini aliogopa zaidi maneno ya watu.

Siku ya kupima watoto uzito, mama aliamka wa kwanza. Alikuwa ameoga, amevaa kitenge cha kanisani, na nguo zote za Yves amezikunja na kuzipanga. Elodie alifurahi, akadhani shida imekwisha. Mama akamfunga mtoto mgongoni mwa binti yake, polepole.

"Weye unajua kumubeba kuliko miye," alisema. "Hata miye nikikosa kuwa hapa, mutabakia muzuri."

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Félicité alimtundika Yves kwenye mizani, akafurahia kilo zake, akauliza mama yuko wapi. Elodie alisema amelala. Félicité akauliza kama ni mzima. Elodie akajibu, "Iko muzuri," na muuguzi akaita mtoto anayefuata.

Alipofika getini, maneno ya asubuhi yalimrudia. Nikikosa. Jua lote lile likawa baridi mwilini mwake. Alirudi mbio, akaipita foleni, akina mama wakanung'unika.

"Nilikudanganya," alimwambia Félicité. "Mama haiko muzuri. Leo aliniaga."

Félicité hakuuliza la pili. Alimwachia mwenzake mizani, akasimamisha pikipiki, wakapanda wote. Njia ile ya nyumbani Elodie aliijua kwa kila shimo, lakini siku hiyo haikuwa na mwisho.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa ndani. Félicité hakuugonga kwa nguvu. Alitaja jina lake, akasema hakuja kwa ajili ya mtoto, amekuja kwa ajili ya Hélène. Elodie alihesabu pumzi zake mpaka akapoteza hesabu. Kisha komeo likavutwa, na mama akatokea, miguu mitupu, akamwangukia Félicité begani akilia.

Tangu siku hiyo hakuachwa peke yake. Daktari alimpa dawa, Félicité alikuja kuzungumza naye kila wiki, na baba aliomba ruhusa akarudi. Kupona kulikuja polepole. Leo vijiko viwili vya uji, kesho bakuli zima.

Koko Dorothée naye alirudi kutoka Gety, uso umekunjamana. Akauliza ni nani aliyetoa mambo ya nyumba nje.

"Ni miye, koko," Elodie alisema, akangoja kofi.

Félicité, aliyekuwa hapo, alimweleza bibi kwamba huu ni ugonjwa unaowapata akina mama wengi baada ya kujifungua. Si shetani wala uvivu, na unatibika ukisemwa mapema. Koko alikaa chini.

"Nilipozala Augustin, nililia mpaka mavuno," alisema. "Sikuambia hata mutu mumoja. Nilizania ni miye peke."

Akamvuta Elodie karibu yake.

"Siri yenye inaua mutu, haiko siri ya kuchunga. Ulisema, na mama yako iko hapa. Kesho tutaenda kuona ule mama mwenye alizala kule ngambo ya barabara. Mutoto tutamuona kisha. Kwanza tutamuuliza mama, na tutangoja ajibu yeye mwenyewe."