Mpenzi Aliyetaka Ushahidi

Walikutana kwenye duka la fotokopi nje ya lango la chuo, majira ya mitihani, watu wamebanana na kila mmoja anadai yeye ndiye wa kwanza. Mwanamke wa gauni la kijani alijichukulia bahasha isiyo yake. Mwanamume wa shati la samawati, limepigwa pasi likanyooka, akamkimbilia.

"Samahani dada, umebeba mtihani wangu wa uchumi."

"Ningejua ni uchumi nisingeugusa. Mimi nafundisha falsafa."

"Pole sana."

"Asante, ndugu yangu. Ugonjwa wenyewe hautibiki."

Wakacheka, wakapeana namba, na kabla muhula haujaisha walikuwa wanaitana Malkia na Takwimu.

Takwimu alikuwa na imani moja, ingawa neno imani lilimkera. Alifuata upositivisti, falsafa isemayo kwamba kauli isiyoweza kuthibitishwa kwa kuona na kupima haina maana. Wanauchumi wenzake walikuwa wameimeza nzima nzima: usimuulize mtu anapenda nini, tazama anachagua nini. Darasani ilimfaa. Balaa ni kwamba aliibeba hadi kwenye mapenzi.

"Nakupenda, Takwimu wangu," Malkia alimwambia kwenye simu.

"Hiyo ni kauli tu, mpenzi."

"Na wewe je?"

"Tazama ninavyotenda."

"Nakusikia unavyotenda. Unatafuna."

Ukweli ni kwamba Takwimu alikuwa anaogopa. Mchumba wake wa kwanza alimwambia maneno hayo hayo, kisha akaolewa na mwingine. Alitaka kumposa Malkia, lakini hakuthubutu bila ushahidi. Ndipo mtu mzima, msomi, mwenye akili zake timamu, akafanya upumbavu: alizima simu, akafunga nyumba, akajificha kwenye gari la kukodi aone mpenzi wake atafanya nini.

Malkia alipiga, simu haipatikani. Akapiga tena na tena. Akaenda kwake, akagonga mlango hadi mkono ukamuuma. Akampigia dada yake Takwimu.

"Wifi, hata mimi simpati," dada mtu alisema. "Na redio inasema kuna ajali barabara ya chuo. Nenda hospitali, nakusihi!"

Kwenye ngazi za hospitali Malkia alijikwaa akaanguka, akainuka bila kujipangusa.

"Kuna mmoja hajatambuliwa," mhudumu alimwambia. "Mrefu, shati la samawati. Una mtu wa kukusindikiza?"

"Sina."

Chumba cha maiti kilikuwa baridi, kinanuka dawa. Mhudumu akafunua shuka.

Hakuwa yeye. Malkia aliona haya kwa furaha iliyomjaa mbele ya maiti ya mtoto wa watu, akatoka akishika ukuta.

Nje alisimama Takwimu, buheri wa afya, pete mkononi.

"Malkia! Nimekufuata tangu asubuhi, nimeona yote. Sasa najua unanipenda. Kubali nikuoe."

Hofu ambayo Malkia alidhani ameiacha ndani ilimrudia, safari hii ikimtabasamia.

"Nilipoanguka kwenye ngazi, uliniona?"

"Nilitaka kukuinua, mpenzi, lakini ninge..."

"Ungeharibu jaribio."

Takwimu aliinamisha macho kwenye pete.

"Na mle ndani, shuka lilipofunuliwa?"

"Sikuweza kuingia."

"Basi mle ndimo nilimokupenda kuliko siku zote. Hukuona, hukupima. Kwa falsafa yako, hakikutokea kitu."

Tabasamu lilimfutika Takwimu. "Nisamehe. Naogopa, Malkia. Wallahi, naogopa kukupoteza kuliko ninavyoogopa kufa."

"Nitajuaje?"

Takwimu alijitazama. Mikono yake ilikuwa imetulia, macho yake makavu. Hapakuwa na cha kumwonyesha. Hofu yote ilikuwa ndani, inamkata maini.

Malkia alimwamini hata hivyo, kila neno. Kisha akaita teksi, akapanda peke yake, akafunga mlango.