Miraba Nyuma ya Bibi Harusi

Haya yalimpata rafiki yangu, mhariri wa video za harusi, mtu ambaye ujuaji wake hutangulia mlangoni kabla yake. Mchana mmoja shangazi wa bwana harusi alikuja kutazama kazi, akaketi nyuma yake katika kile chumba chenye mapazia mazito anachokiita studio.

"Nani huyo nyuma ya bibi harusi?" shangazi akauliza.

Pale kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na doa refu la miraba miraba.

"Shangazi, hii ni nakala nyepesi," rafiki yangu akamjibu kama anayemfundisha mtoto. "Picha halisi ni nzito, kompyuta inakwama. Nakata na kuunga vipande kwenye hii yenye ukungu, halafu narudisha ile safi. Utaona mwenyewe kwamba hilo ni pazia."

Kompyuta yenyewe kikongwe, inakohoa kuliko babu yake. Akarudisha picha halisi. Ukungu wote ukaondoka, hata nyuzi za shela na jasho la bwana harusi vikaonekana. Doa likabaki miraba ileile.

"Mashine imechoka," akasema mjuaji wetu.

Umeme ukakatika. Feni ya kompyuta ikazunguka kwa uvivu, ikanyamaza. Gizani akasikia shangazi akivuta kiti chake pembeni.

"Pita tu," shangazi akamwambia mtu, taratibu.

Kwa mwanga mwembamba wa chini ya mlango, rafiki yangu akajiona kwenye kioo cheusi cha kompyuta. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, mpaka ndevu alizosahau kunyoa. Begani kwake kulikuwa na miraba.