Kalamu Isiyoshuka

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa darasa la sita walikwenda kwenye kazi za Elimu ya Kujitegemea. Wengine walilima mchicha nyuma ya shule, wengine walishona. Theopista, mtoto wa maswali yasiyokwisha, aliomba kwenda kujifunza kwa Fundi Jayant katika Mtaa wa Sikukuu. Alikubaliwa upesi, na walimu wake nao wakapumua kidogo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Leo usiniulize kitu mpaka nimalize chai," alisema Fundi Jayant, lakini macho yake yalikuwa yakicheka.

Mezani palikuwa na sanduku la bati lenye dirisha la kioo. Ndani yake utepe wa karatasi ulisogea polepole ukivutwa na saa, na kalamu ndogo ikachora mstari juu yake. Kando ya sanduku palikuwa na rilei, swichi inayojiendesha yenyewe. Umeme ukiingia, sumaku yake huvuta kijibati na vyuma viwili vikagusana, tik! Umeme ukikatika, vyuma huachana.

Theopista alisahau habari ya chai. "Kwa hiyo rilei ndiyo inayoipa kalamu umeme?"

"Unganisha uone."

Akaunganisha waya mmoja kutoka kwenye vyuma vya rilei hadi kwenye sanduku. Fundi akaiwashia rilei umeme na kuuzima, nayo ikalia tik, tik. Kalamu haikutikisika hata kidogo.

"Mbona imenuna?"

Fundi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hivyo vyuma havina umeme wao, binti. Ni daraja tu. Umeme unatoka kwenye betri iliyo ndani ya sanduku, unavuka daraja, kisha unarudi kwake. Umeupa njia ya kwenda. Ya kurudi je?"

Theopista akaongeza waya wa pili. Tik! Kalamu ikapanda. Tik! Ikashuka. Alirudia mara nane huku akicheka peke yake. Ajabu iliyoje! Sanduku lile lilijua mambo mawili tu, vyuma vimegusana au vimeachana, na bado liliweza kumweleza mtu yaliyotokea kutwa nzima wakati yeye hayupo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya zahanati ya mtaani. Nesi Josepha alikuwa na jokofu la chanjo za watoto, na umeme ulikatika mara kwa mara. Chanjo zikipata joto Jumapili zahanati ikiwa imefungwa, kisha jokofu lipoe tena usiku, nani angejua asubuhi kwamba zimeharibika? Rilei ikifungwa kwenye umeme wa jokofu, karatasi ingeonyesha.

Alasiri ile walikwenda kulifunga sanduku. "Upande wa umeme wa ukutani ni wangu, usiuguse," Fundi alimwonya. "Upande wa betri ni wako. Ukimaliza, zima swichi ya jokofu uone kalamu inashuka. Washa, uone inapanda. Yote mawili!"

Alipomaliza kazi yake, Fundi aliitwa chumba cha pili kutazama taa. Theopista akakaza skrubu mbili za upande wake. Kalamu ilikuwa juu, imetulia. Nje, wenzake walikuwa wakipita kwenda Mnazi Mmoja kwenye mazoezi ya michezo ya halaiki, wanamwita kwa jina. Na mwalimu wa halaiki hakuwa na mchezo na wachelewaji.

"Umejaribu?" Fundi aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Ndiyo."

"Kuzima na kuwasha?"

"Ndiyo, Fundi," alijibu, tayari yuko mlangoni.

Jumapili umeme ulikatika tangu asubuhi mpaka saa mbili usiku. Feni ya nyumbani kwa akina Theopista ilisimama, na mdogo wake Melkiori, mtoto wa miezi tisa, alilia kwa joto kutwa nzima.

Jumatatu asubuhi mama yake, Clotilda, alimwombea Theopista ruhusa shuleni, amsaidie kumpeleka Melkiori kuchanjwa surua. Walifika mapema wakawa wa kwanza, na nyuma yao benchi likajaa akina mama. Nesi Josepha alikuwa ameinamia dirisha la sanduku, anatabasamu.

"Mstari umenyooka tangu Ijumaa!" alisema. "Hapa kwetu umeme haukukatika hata dakika moja. Tuna bahati, akina mama."

Theopista akakunja uso. Haukukatika? Kutoka kwao hadi pale zahanati zilikuwa nyumba nne tu. Feni yao isimame kutwa, jokofu hili lisizime? Akaitazama kalamu, akaitazama rilei, na ghafla akakumbuka. Tangu sanduku lifungwe hapa, kalamu ile yeye hakuwahi kuiona ikishuka.

Akisema, watu wote watajua kuwa yeye ni mwongo, mama yake akiwa mbele. Akinyamaza, Melkiori atadungwa dawa iliyoharibika, na surua itamkuta hana kinga. Nesi alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano. Mama alikuwa amekwisha kuukunja mkono wa shati la mtoto.

"Nesi, ngoja!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Usimdunge! Mimi sikujaribu. Nilimdanganya Fundi."

"Theopista!" Mama alishtuka.

"Zima swichi ya jokofu, Nesi. Tafadhali."

Nesi akazima. Tik! Rilei ilisikika na chumba kizima, vyuma vimeachana. Lakini kalamu ilibaki juu, inachora mstari wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Yarabi, wanetu!" alisema mama mmoja benchini.

Nesi aliiweka sindano chini. Fundi alipoitwa alikuja mbio, akainamia rilei na kunyanyua kitu kwa ncha ya bisibisi. Kilikuwa unyuzi mmoja wa waya, mwembamba kama unywele. Ulichomoza chini ya skrubu ya kwanza ukagusa ya pili, na umeme wa betri ukawa unapita hapo wakati wote. Sanduku likaona kama vyuma havikuachana kamwe.

Fundi aliukata. "Jaribu," akamwambia Theopista. Alizima, kalamu ikashuka. Akawasha, ikapanda. Safari hii hakucheka.

Chanjo zile hazikutumika. Nesi aliagiza nyingine, akina mama wakaambiwa warudi Jumatano. Wengine walisonya, na Theopista alitamani ardhi immeze. Jumatano Melkiori alichanjwa, akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani.

Siku hiyohiyo Theopista alikwenda kwa Fundi. "Utanifukuza?" aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Fundi Jayant alimvutia kigoda. "Unyuzi kuchomoza ni kosa la mikono. Nina miaka ishirini na sita kazini, na mimi bado hunitokea. Ndiyo maana tunajaribu, ili tulione kosa. Lakini uliposema umejaribu, nilifunga mkoba wangu nikaenda zangu. Mimi nilikuamini wewe, Nesi akaniamini mimi, na wale akina mama wote wakamwamini Nesi."

"Naomba radhi, Fundi."

"Nimekusamehe. Ulisema kweli mbele ya watu wazima wote, kabla sindano haijamgusa mtoto, na hilo si jambo dogo. Lakini tangu leo, nikikuuliza kama umejaribu, na hujajaribu, niambie 'bado'. Nitasubiri. Hakuna mtoto atakayeugua kwa sababu fundi alisema 'bado'."