Niliposikia "Mahari" Kwenye Simu ya Mirembe

Sauti ya mchumba wangu ilitoka kwenye simu ya mwanamke mwingine, mimi nikiwa jikoni nasonga ugali.

"Mirembe, mahari iko tayari. Ijumaa saa tisa. Usiogope, weka yote. Lakini Priscah asijue, ataniua."

Jamani... Priscah ni mimi.

Mirembe ni Mganda. Tunasuka nywele saluni moja hapa Wattaya, Omani, na tunalala chumba kimoja. Alikuwa chumbani, mlango haujafungwa vizuri, akidhani nimeenda dukani. Upepo ulikuwa unavuma kwenye ile sauti, lakini sauti ya Alvin siwezi kuikosea. Miaka miwili ananiambia mimi ndiye mke.

Na dalili nilikuwa nimeziona, msidhani nilikuwa kipofu. Akija kutusalimia na mishikaki, ile iliyonona anampa Mirembe. Wanacheka, nikiingia wanachunguza kucha. Halafu huyo dada ana kiuno, wacha tu. Mimi nimenyooka kama ufagio.

Mirembe alipoingia kuoga nikachukua simu yake. Namba ya siri naijua, ni mwaka wake wa kuzaliwa. Nikajitumia ule ujumbe wa sauti.

"Priscah, chakula tayari?" akaniuliza akitoka.

"Tayari, mpenzi. Njoo ule."

Akala, akashukuru, akalala fofofo. Mimi nilikuwa nauangalia mgongo wake tu. Wivu ukaninyima usingizi.

Alhamisi asubuhi nikapanda teksi hadi nje ya mji, kwenye mazizi ya Mzee Hamood. Alvin anawahudumia farasi wake wa mbio. Mzee ni Mwomani wa Kizanzibari, anampenda Alvin kama mwanawe, na ndiye mtu pekee Alvin anamwogopa. Nilitaka amkanye. Ndoa yao ife, basi.

Alvin alikuwa amewapeleka farasi mazoezini. Nilimkuta mzee na kahawa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nnakusikiliza."

"Alvin anaoa kwa siri. Kesho. Sikiliza mwenyewe."

Akaweka simu sikioni. Akasikiliza. Akarudia. Mara ya tatu uso ukabadilika, na mimi moyoni nikafurahi, nikajua mtu amenionea huruma.

"Huyu Mirembe ni nani?"

"Msusi tu, mzee. Hata tabia hana. Yuko kwenye kundi la watu wanaobeti mbio za farasi kwa simu."

Hilo la kundi ni kweli, lakini hakuniuliza. Nililiongeza mwenyewe, kwa roho mbaya, ili amchukie.

Mzee akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, hapa hakusema mahari. Kasema muhra. Kwa Kiarabu ni farasi jike, bado mchanga. Nnaye mmoja, anakimbia kesho saa tisa."

"Lakini amesema iko tayari..."

"Nyinyi watu wa bara kila kitu kwenu iko. Farasi iko, mke iko."

Hakucheka. Na mimi hapo hapo nikaelewa. Weka yote. Alvin alikuwa anamtonya Mirembe farasi wa kuwekea dau. Yeye ndiye anajua nani amemaliza shayiri na nani anachechemea. Habari kama hizo hazitoki zizini, na kamari yenyewe nchi hii hairuhusu.

"Mzee, tafadhali. Nimesikia vibaya, tusahau."

"Nisahau vipi, na wewe umeniletea ushahidi mpaka mkononi? Khalas, yamekwisha, mwanangu. Nenda nyumbani."

Ijumaa muhra hakukimbia, mzee alimtoa mbioni. Na Alvin alikuwa ameshafutwa kazi, tiketi ya Nairobi imekatwa.

Mirembe alinisubiri mlangoni, begi lake limefungwa, anahama. Alvin alikuwa ameshamsimulia yote.

"Alvin hakuwa anachukua hata baisa moja kwangu," akasema. "Nilimlilia mimi. Mama yangu anatakiwa kupasuliwa jicho Masaka, na pesa sina. Alikataa mara tatu, ya nne akanionea huruma."

"Kwa nini mlinificha?"

"Wewe si ndiye unasema kila siku, mwanamume wa kamari humtaki? Aliogopa utamwacha."

Ni kweli, nasema hivyo. Baba yangu alibeti hadi ng'ombe wa mwisho, na Alvin anaijua hiyo hadithi yote.

Nikamkimbilia Alvin uwanja wa ndege. Nikalia, nikaomba msamaha mbele za watu, aibu sikuwa nayo tena. Hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

"Miaka miwili, Priscah, unaniuliza niko wapi, niko na nani, nimekula nini," akasema. "Hilo moja ndilo ulienda kumuuliza bosi wangu."

Akapita pale kwa walinzi. Hakugeuka.

Wenzangu, ukiwa na wivu, uliza. Uliza kwa kelele, vunja sahani ukitaka, lakini muulize yule unayemshuku, usimbebee mashtaka yake kwa anayempa ugali. Nilikwenda kuzuia ndoa isiyokuwepo, nikaivunja ya kwangu.

Alvin hajaniblok. Nikimwandikia anasoma yote, hata usiku huu amesoma. Hajibu.