Kigoda Kilichosimamishwa

Tecla alipiga kwa mkono wa kushoto, akapiga kwa wa kulia, kisha akaziinua fimbo zote mbili juu ili asikilize. Pedi ya kufanyia mazoezi ya ngoma ikalia mara moja zaidi, yenyewe, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Alitazama dari, akatazama dirisha, akajiambia ni mvua imedondosha kitu juu ya bati. Mvua yenyewe ilikuwa imekatika tangu mchana. Lakini wewe mtu akishataka kitu, masikio yake utayaambia nini? Akapiga tena.

Alichokitaka ni ngoma kubwa ya kwaya pale Kirushya. Parokia ilikuwa inangoja upadrisho wa kijana wa pale pale kijijini, na Mwalimu Pancras, kiongozi wa kwaya, alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno, tena mbele ya wenzake: "Tecla, mkono wako wa kulia unaimba, wa kushoto unasinzia. Usipouamsha, ngoma nampa Derick." Ilimuuma sana. Na huyo Derick hakumsaidia, maana alishaanza kumwita mama wa makofi.

Pancras ndiye aliyemshauri atafute pedi, kitu cha kufanyia mazoezi nyumbani bila kusumbua watu. "Ila uchague vizuri," alimwambia. "Isimeze fimbo, wala isikurushie. Ikurudishie kile kile ulichoipa. Ikirudisha zaidi, ikatae."

Basi Tecla akachagua. Mto wa kulalia ulimeza fimbo. Tyubu iliyokazwa juu ya beseni iliirusha fimbo karibu imtoe jicho, na kelele zake zilifika hadi barabarani. Mumewe Clever, fundi wa pancha kule Lusahunga, akamletea kipande cha mpira wa madigadi ya lori, akakigundisha juu ya ubao. Hicho ndicho kilichomfaa. Ikabaki shida ya pa kuiweka pedi yenyewe: kitandani ilibonyea, meza ilicheza, mapajani iliteleza, na mgongoni yuko mtoto, Ineza, mchanga ambaye hata kukaa alikuwa hajajua.

Hapo sasa ndipo alipokosea, na alikosea akijua. Mama mkwe wake, Verediana, alikuwa amezikwa juzi juzi tu nyuma ya nyumba, migombani. Kwao msiba ukiingia ngoma hufudikizwa, majembe hupumzishwa, na kigoda cha marehemu hulazwa ubavu mpaka matanga yaanuliwe, asije mpita njia asiyeonekana akakiona kitupu, akadhani amekaribishwa. Tecla alilelewa na maneno hayo. Lakini alijiambia pedi si ngoma, na kuweka kitu juu ya kigoda si kukikalia. Waombolezaji wakiwa uani, alijifungia chumba cha ndani, akakisimamisha kigoda cha Verediana, akaweka pedi juu yake. Kilitulia vizuri, hakikucheza hata kidogo. Siku hiyo ndiyo aliyosikia lile pigo la ziada.

Hakuogopa mara moja. Verediana alimpenda kama bintiye wa kumzaa, na Tecla alikuwa hajamaliza kumlilia. Akainama karibu na pedi, akanong'ona, "Ni wewe, mama?" Pedi ikajibu kwa pigo moja. Machozi yakamtoka, ya furaha kabisa, masikini. Laiti angetumia pua yake. Verediana enzi zake alinukia ugoro, na chumba kile kilikuwa kimeanza kunuka ngozi mbichi iliyobabuliwa motoni.

Mkono wa kushoto uliamka. Uliamka hadi ukapitiliza, kwa sababu hata pedi ikiwa imefunikwa bado ulitafuta pa kupiga, na ulipapata mgongoni. Kila mama hupeleka mkono nyuma akampigapiga mwanawe ili alale. Tecla naye alifanya hivyo, polepole, halafu mkono ukakaza mwendo bila kumwomba ruhusa, ukamporomoshea mtoto mapigo mepesi, sawasawa, yale yale ya pedi. Ineza akanyamaza. Akanyamaza siku hiyo, na kesho yake hakulia hata kwa njaa. Watu msibani wakamsifu kwa kuwa mtoto mtulivu.

Jioni moja Tecla alikuwa akimenya ndizi pamoja na Eustakia, dada wa marehemu, aliyekuja kukaa matanga.

"Mkwe," Eustakia alisema kwa sauti ya chini.

"Abee, mama."

"Nani amekisimamisha kigoda cha dada yangu?"

"Sijui, mama. Labda watoto."

"Watoto hawaingii kule." Eustakia aliweka kisu chini. "Asubuhi nimekilaza. Mchana nimekikuta kimesimama. Nikakilaza tena. Mwanangu, kilikuwa kizito. Kilikuwa na uzito wa mtu aliyekikalia."

Tecla aliacha kumenya, maana alikuwa amesikia kitu, na Eustakia naye alikuwa amekisikia, na wote wawili wakageuza nyuso kuelekea chumba cha ndani ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa tangu alasiri na ufunguo uko kiunoni mwa Tecla, na humo ndani pedi ilikuwa inalia, si pigo moja sasa bali mfululizo, mwepesi kwanza kisha wa kasi, na ile harufu ya ngozi ya kubabuliwa ikawa inapita chini ya mlango na kuwafuata jikoni, na ndipo Tecla alipohisi bega lake la kushoto likitikisika, akaangalia, akaona mkono wake mwenyewe umeshafika nyuma na unampiga Ineza mgongoni, pigo kwa pigo na ile pedi, na kila alipotaka kuurudisha ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine. Aliushika kwa mkono wa kulia, akaukandamiza tumboni.

"Mpigie simu mumeo," Eustakia alinong'ona. Alikuwa ameshatoa rozari.

Clever alifika asubuhi kwa pikipiki, amempakiza mzee Nshoma, mganga wa upande wa Biharamulo. Wakatoliki wale walimwamkia shikamoo na kupokea marahaba yake kwa macho ya chini, lakini hakuna aliyemzuia. Mzee aliingia chumba cha ndani, akasimama, akanusa, akatoka bila kugusa kitu.

"Mama yenu yuko migombani amelala salama," alisema. "Huyu ni jini, mpita njia. Amekuta kiti kimesimamishwa, akasikia anabishiwa hodi, akakaa. Kosa si lake."

"Atatoka?" Clever aliuliza.

"Atatoka akikosa pa kukaa. Anakaa popote mkono ule unapobisha." Akawasha moto uani, akamgeukia Tecla. "Binti, kila ulichokipiga kwa mkono wa kushoto kitapita hapa, kisalimike au kiungue. Vyote. Kikibaki kimoja, hicho ndicho kiti chake, na mimi hutaniona tena."

Clever akaleta kigoda na pedi, akavitupa. Moto ukavipokea. Ndani ya ndimi ukasikika mfululizo ule ule, wa kasi, kisha ukapungua.

"Kuna kingine?" mzee akauliza.

Mgongoni Ineza alikuwa na joto, kimya, shavu lake limebanwa kati ya mabega ya mama yake. Tecla aliutazama moto. Alimtazama Clever, akamtazama Eustakia, akajua kwamba hata wangemchinja asingesema.

"Hakuna, baba," alisema.

Mzee akamfunga uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono, akapanda nyuma ya Clever kwenye pikipiki, akaenda zake.

Harufu ikaondoka. Matanga yakaanuliwa, ngoma zikainuliwa, na siku ya upadrisho ikafika na jua lake. Tecla alimlaza Ineza kwenye mkeka pembeni ya kwaya, akashika fimbo. Jamani, alipiga. Mkono wa kushoto ulikwenda na wa kulia, akina mama wakapiga vigelegele, hata Derick akavua kofia. Alipofika mwisho akatoa pigo la kufungia na kuziinua fimbo juu, na uwanja mzima ukanyamaza.

Pigo moja la ziada likasikika mkekani.

Ineza alikuwa amekaa. Hakuna aliyemwegemeza. Alikaa wima kabisa, shingo imenyooka, kiganja cha kushoto kiko chini.

"Mama Ineza," Pancras alicheka, "ya nini kuhangaika na pedi? Huyu anarudisha vizuri."

Watu wakacheka naye. Tecla alisikia ile ngozi ya kubabuliwa ikimjaa puani. Mwanawe alikuwa akimtazama bila kupepesa, mkono wa kushoto ameuinua, anamngoja apige.